Kilo za Tata Muamba

Asubuhi ya kumi tangu aruhusiwe kwenda nyumbani, Tata Muamba alikuwa amepungua kilo mbili, na muuguzi Stéphanie Mukalay akapiga makofi mlangoni mwa hospitali.

Kwa mgonjwa wa moyo, kilo zikipanda ni maji yanarudi mwilini, na maji yakirudi, mgonjwa naye anarudi kitandani. Ndivyo alivyowafundisha Dokta Mukuna, aliyetumwa kutoka Lubumbashi kuwafunza wauguzi kufuata yaliyothibitishwa, si mazoea. Masharti yake yalikuwa machache: mgonjwa aliyeruhusiwa apimwe uzito kila asubuhi, asile chumvi, ameze dawa zake, na siku ya saba muuguzi aende kumtazama kwa macho yake mwenyewe. Akimaliza siku thelathini bila kurudi, amevuka.

Tata Muamba alikuwa amerudi mara tatu. Dokta alisema mara ya nne moyo wake hautastahimili. Stéphanie alimpenda sana mzee yule, fundi wa zamani wa mgodi, aliyemwita kila muuguzi binti yangu, nao wakamwita tata, yaani baba. Aliapa kwamba safari hii mzee hatarudi.

Lakini ilikuwa mwaka 1993, na watu wa asili ya Kasai, Tata Muamba akiwa mmoja wao, walikuwa wanafukuzwa Kolwezi. Siku mbili tu baada ya Tata Muamba kutoka hospitali, nyumba yake ilichukuliwa. Yeye na binti yake Mianda wakaenda kulala kwenye gare, kituo cha treni, pamoja na maelfu ya wenzao, wakingoja treni isiyokuja. Stéphanie aliwaazima balansi ya wodi, ile mizani ndogo ya kusimamia, akawapa na daftari la kuandikia kilo.

Siku ya saba hakwenda gare. Vijana walikuwa wanasimama njiani kuandika majina ya wenyeji waliowasaidia Wakasai, na yeye alikuwa na watoto. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Alijiambia kwamba daftari la kilo linatosha.

Na kweli, daftari lilifika kila asubuhi mkononi mwa Mianda. Mianda aliketi kwanza kwenye ngazi, akapumua, ndipo Stéphanie akamuuliza swali lake la siku zote, tata alilala namna gani. Mianda hakujibu kwa neno moja. Alieleza jinsi baba yake alivyolala kichwa kikiwa juu ya mito miwili, alivyokataa samaki wa chumvi, alivyowatania majirani waliokoroma. Kadiri siku zilivyokwenda, masimulizi yalizidi kurefuka. Siku moja machozi yalimtoka katikati ya kicheko, na Stéphanie akadhani ni uchovu wa kulala nje.

Hamsini na tano. Hamsini na tatu. Hamsini. Maji yanatoka, Stéphanie aliwaambia wenzake, na Dokta Mukuna akalipitisha daftari lile darasani ili wengine wajifunze. Hakuna aliyeona kasoro yoyote.

Siku ya thelathini iliandikwa arobaini na saba. Treni ilikuwa imefika alfajiri. Mianda alikuja na balansi kichwani kuirudisha, kitenge kimemzunguka mara mbili kiunoni, akaitua polepole na kuegemea ukuta.

Stéphanie alivua koti lake jeupe. Aibu ya siku ya saba ilikuwa imemchoma mwezi mzima, na leo hakutaka kuibeba tena.

"Twende wote," alisema. "Hata bale vijana bakiniona, baniandike. Nataka nimuage tata mbele ya treni kuondoka."

Mianda alimshika mkono.

"Usiende, mama. Tata tulimuzika siku ya sita, kule nyuma ya gare. Mu hii muji yote ulibakia weye tu wa kuniuliza namna tata alilala. Njo maana kila asubui mi mwenyewe nilikuwa napanda ku ile balansi."