Muhuri kwenye Paji la Uso

Wewe unayesoma, ulimwona. Ulipita pale mlangoni ukamwona yule mama amesimama mbele ya dawati la Ofisa Utumishi, ukajitia kusoma tangazo la zimamoto ukutani. Sisi wengine hatujasahau. Haya, geuka utazame.

Ofisa alikuwa na kesi ya mauaji.

Kesi ilikuwa ndani ya simu, kwenye mchezo wa upelelezi wa mtandaoni, ambako wachezaji wenyewe hutunga kesi na wenzao huzifumbua. Karani wa kiwanda amekutwa amekufa kitini, kagongwa muhuri kwenye paji la uso: IMEPOKELEWA. Mshukiwa ni mmoja tu, mfungashaji wa sabuni. Alama za vidole vyake zimejaa kwenye muhuri. Kilichokosekana ni sababu ya kuua, na bila sababu kesi haifungwi. Ofisa alibakiza kesi hiyo moja tu apande cheo, awe Mpelelezi Mkuu.

"Samahani, baba," mama alisema. "Ni ile barua ya kuomba kazi ya kukaa. Zamu inaingia saa nne, na msimamizi kasema nikianguka tena nisirudi."

"Subiri, mama. Huoni niko kazini?"

Mama akasubiri, akiegemea mguu huu, kisha ule. Kiti cha wageni kilikuwepo, ila kilikaliwa na mafaili tangu mwaka juzi. Akatoa simu yake, akawa anabonyezabonyeza, kama anavyosubiri kila mtu siku hizi.

"Mfungashaji hana sababu," Ofisa aliandika kwenye mchezo. "Karani hakumtukana, hakumpiga, hakumchukulia mume."

Mtunzi wa kesi, anayejiita Sinaharaka, akamjibu: "Vielelezo umevisoma, mpelelezi, au umeangalia picha tu?"

Ofisa akaona haya. Akavisoma.

Mfungashaji aliomba kazi ya kukaa, miguu inamvimba. Karani akajibu: taja sababu. Akataja. Akajibiwa: leta cheti cha daktari. Akaleta. Cheti kikalala kwenye droo ya karani miezi saba, halafu akajibiwa: cheti kimepitwa na wakati. Akaleta kipya. Akajibiwa: tumia fomu. Akatumia fomu. Akajibiwa: fomu imefutwa. Barua ya sita ilirudi ikimtaka athibitishe kwamba hiyo miguu ni yake. Zikafuata nyingine nne.

"Mashetani hawa!" Ofisa alipiga dawati, kikombe chake kisicho na mkono kikaruka. "Mama, hebu fikiria. Barua kumi! Miaka kumi na moja mtu amesimama!"

"Nafikiria, baba."

"Mpaka amechana viatu kwa wembe ili miguu iingie!"

"Ndiyo inavyokuwa."

Machozi yalimlengalenga Ofisa. Alipapasa hewani bila kuinua macho, akaipata bahasha ya mama, akachomoa barua na kuandika pembeni kama mkono wake ulivyozoea: *Sababu haijathibitika.* Akairudisha.

"Na muhuri, baba?"

"Si huo hapo! Gonga mwenyewe, siku zote si unagonga mwenyewe?"

Mama akauchukua muhuri. Ofisa tayari alikuwa anaandika kwa vidole viwili, kwa kasi ya mtu anayetetea uhai wake: "Sababu ya mshukiwa ninayo! Karani huyo alimuua mama wa watu kidogo kidogo, kwa kalamu. Ningekuwa mimi, ningemgonga muhuri siku ya barua ya tatu!"

Wachezaji mia tatu wakamshangilia. Nyota zikamwagika kwenye kioo. SABABU IMETHIBITIKA.

"Hongera, Mpelelezi Mkuu," Sinaharaka aliandika. "Kwa hiyo unakubali marehemu alijitakia?"

"Mia kwa mia!"

"Basi fungua kielelezo cha mwisho. Ni picha ya marehemu, dakika moja kabla hajafa."

Ofisa akaifungua. Ilikuwa picha ya upara ulioinamia simu. Kando ya upara palikuwa na kikombe kisicho na mkono, na nyuma yake kiti kilichojaa mafaili.

Chini ya picha paliandikwa: "Mpelelezi, inuka. Mpe mfungashaji kiti sasa hivi."

Na wewe uliye mlangoni, achana na hilo tangazo. Ingia, ondoa mafaili.