Kaburi Halichimbwi Bure

Maiti ilipiga chafya kwa mara ya tatu, na waombolezaji wakaangua kicheko.

"Kata!" Mutahi, mwongozaji, alipaza sauti. Nehemiah aliinuka ndani ya jeneza, uso mweupe pepepe, akaomba msamaha. Unga wa ngano ulikuwa unamwingia puani.

Ilikuwa Alhamisi, huko Kangema, na filamu yao ya kutisha ilibakisha tukio moja tu. Damu walikuwa nayo: maji ya bitiruti yaliyochemshwa na sukari na kakao. Mifupa ya kuvunjika walikuwa nayo: Ouko, fundi wa sauti, alivunja mashina ya kabichi karibu na maikrofoni, na ukisikiliza umefumba macho unajishika shingo. Ukungu waliupata bure kutoka mashamba ya chai. Kilichowashinda ni mazishi. Mzimu wa hadithi nzima ungetoka katika kaburi hilo, na mtazamaji asiyeamini mazishi hawezi kuogopa kitakachofufuka. Miaka miwili ya kazi ya Mutahi ingeishia kwenye chafya.

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Hapa mfiwa alikuwa msichana wa chuo mwenye kitunguu ndani ya leso.

Mara mbuzi wa jirani wakapita mbele ya kamera.

"Nani ameacha geti wazi tena?"

"Hiyo haifungwagi," alijibu Mama Kim, mwenye shamba, kutoka mlango wa jikoni. Geti lilikuwa limefungwa kwa waya kwenye nguzo, likiwa wazi. "Kuna mtu bado hajaingia."

Mutahi alidhani anawasema wachuma chai. Mama Kim alikuja akijifuta mikono kwa aproni, akachungulia shimo walilochimba, lisilofika hata magotini.

"Hii mmefanya ni mbaya," alisema. "Kaburi haichimbwi bure. Ikikosa mtu, inapewa mgomba. Nyinyi mtaenda, na mimi nitabaki hapa nayo."

"Mama, hii ni filamu tu."

"Najua. Unataka watu walie ama hutaki?"

Alitaka. Basi mama akatoa masharti yake bila haraka. Shimo hilo lizibwe, lichimbwe lingine la kweli kule chini, kando ya kaburi la marehemu mumewe. Mgomba ulazwe ndani ya jeneza. Aje pasta wake. Na uzikwe mara moja tu, Jumamosi saa nne, hakuna kurudiarudia.

Mutahi hakuona hasara. Tena jeneza tupu humsaliti mbebaji, kwa maana bega halidanganyi; mgomba ungesaidia. Akakubali, huku moyoni akimcheka kidogo. Hawa akina mama na mambo yao ya zamani!

Jumamosi watu wa mteremko mzima walishuka. Wanaume walikuja na suti, kofia mikononi. Wanawake walifunga vitambaa kichwani. Hakuna aliyeuliza asimame wapi wala aliyeitazama kamera. Kila mmoja alishika karatasi iliyokunjwa, na Mutahi akamsifu Nasirumbi kimoyomoyo. Nasirumbi ndiye aliyeshughulikia vifaa, na kweli hasahau kitu.

Kabla jeneza halijafunikwa, Mama Kim alilaza sweta ya kijani ya shule juu ya mgomba, akaikunja mikono taratibu.

"Isigongegonge," alisema.

Ouko alimtazama. Kisha akavua kofia yake na kusimama wima.

"Ouko, sauti!"

"Inaingia, boss."

Mama Kim ndiye aliyesimama mahali pa mfiwa, na katika hadithi mfiwa alipaswa kupiga yowe. Hakupiga. Alitupa udongo wa kwanza, na sauti ikamtoka chini kabisa, nzito, kama ya mtu anayejitwisha mzigo wa kuni peke yake. Mteremko mzima ukaipokea. Mutahi alisahau kusema "kata", na alipokumbuka akasema, hakuna aliyeacha. Wanaume walipokezana masepetu mpaka udongo ukatuna, wanawake wakapanda maua. Mutahi alijikuta analia, akaona aibu, na chini ya aibu hiyo furaha ilimjaa. Filamu imepona!

Watu walimpa Mama Kim mkono mmoja mmoja, wakaanza kupanda kurudi makwao. Hakuna aliyeuliza habari ya chakula.

"Jeneza ni la kukodi," Mutahi alimnong'oneza Ouko. "Fundi wa Kutus analitaka kesho. Tulifukue sasa ama tungoje jioni?"

Ouko alikunja waya zake kwanza, polepole.

"Boss, mimi sishiki hiyo sepetu. Na wewe usiishike."

Mutahi alipuuza; watu wa sauti wana vichwa vyao. Akamwendea Nasirumbi, ambaye alikuwa anapanga vyombo kwenye sanduku.

"Kazi safi sana. Yaani hata programu za mazishi uliprint!"

"Programu gani?" Nasirumbi aliinua uso. "Mimi nilidhani ni wewe."

Moja ilikuwa imeangushwa kwenye nyasi, karibu na kiti chake. Mutahi aliiokota, akaikunjua. Kijana mwenye sweta ya kijani alikuwa anacheka kwenye picha.

*Ibada ya Mazishi. Kim Theuri. Alizaliwa Machi 2001. Alitoka nyumbani Agosti 2018, asubuhi. Alifariki* — na hapo palikuwa na nukta tupu, hadi mwisho wa mstari.

Nyuma yake, Mama Kim alikuwa anafungua waya kwenye nguzo. Akalivuta geti kwa mikono miwili, likalia kwa kutu, likafungika.