Kiti cha Dereva

"Umekufa," alisema mzee Ezekiel, akaizima tochi yake.

Ryan alicheka. Alikuwa amesimama katikati ya jiko, kofia nyeusi ya sufu mkononi, na nyuma yake kile kiti alichoonywa asikiache kwa vyovyote. Mfuniko wa sufuria, ndio usukani wake, ulikuwa ungali unazunguka sakafuni.

Cherono hakucheka. Aliuokota mfuniko, akaupangusa kwa leso, akamrudishia. "Keti. Tunaanza upya."

"Mama, si nimemsalimia tu!"

"Ndivyo utakavyokufa. Keti."

"Usiku, na kitu cheusi mkononi," mzee aliongeza. "Askari haulizi kama ni kofia."

Leseni kijana alikuwa akiichukua kesho yake. Kazi alishapata, ya jioni, huko mjini Columbia, na njia ya kurudi ni ile barabara ambako magari ya polisi hujibanza nyuma ya miti kama wawindaji. Cherono alishaomba, alishafunga, na bado moyo ulikataa kutulia. Basi akamwita mzee Ezekiel, jirani yake pale Lanham, Mmarekani mweusi mzaliwa wa kusini, shemasi, aliyeandamana enzi za Daktari King kudai haki za weusi, hata mbwa wa polisi wakamrarua paja. Mzee alikuja na tochi, akawa askari.

Cherono aliiweka tena kofia kichwani mwa kijana. Ilikuwa imetoboka mahali, pakashonwa kwa uzi usiofanana na sufu yake.

"Dada," mzee alisema polepole, "kofia nyingine haipo?"

"Ni hiyo hiyo."

Mzee akainamisha macho. Kisha akasema, "Haya. Umesimamishwa. Mikono iko wapi?"

Cherono aliyarudia maneno hayo kwa Kiswahili, ingawa Ryan alijua Kiingereza kuwashinda wote. Kwake Cherono jambo zito halisemwi kwa lugha ya kazini.

"Kwenye usukani."

"Akitaka leseni?" Cherono aliuliza.

"Namwambia kwanza iko wapi. Ndipo nasogeza mkono."

"Kama nani?"

"Kama kinyonga. Mama, relax!"

Mzee alitoka mlangoni, akarudi kwa hatua nzito, akagonga meza kama mtu anayegonga kioo cha gari. Mwanga ukampiga kijana usoni. Na Ryan, kabla hajajijua, mkono ukaenda kwenye kofia, makalio yakaondoka kitini.

Cherono akamkandamiza bega. "Nimesema kaa!"

"Lakini ni wewe uliyetufunza!" Kijana naye sasa alipandisha sauti. "Tangu tukiwa wadogo. Mtu mzima akikujia, inuka. Vua kofia. Kwetu hata dereva akisimamishwa hushuka, akamwendea askari, asimwache mkubwa amfuate kama mtumwa wake. Si maneno yako hayo?"

"Ni yangu."

"Sasa?"

"Sasa nayatapika."

Nje theluji ilikuwa ikidondoka juu ya magari ya watu. Ryan alielekeza kidole kwenye kalenda ukutani, mahali Daktari King alipokuwa akitazama mbali, tai yake imenyooka.

"Na huyo je? Mambo haya si aliyamaliza? Shule inafungwa kwa ajili yake, tunalala Jumatatu nzima."

"Amalize?" Mzee Ezekiel alitabasamu kwa huzuni. "Mwanangu, hawakumwacha hata yeye amalize. Mimi nilidhani wajukuu zangu watacheka nikiwafunza kukaa garini. Hawacheki. Nyinyi mliokuja juzi ndio mnaocheka."

Cherono aligeukia sinki, akafungua maji yasiyokuwa na kazi.

Hata yeye alicheka, mwaka juzi. Mzee aligonga mlango huo huo, akaomba awape vijana somo hili. Cherono alimkaribisha chai, akamjibu kwa upole: "Hayo ni yenu, kaka. Sisi tumekuja na adabu zetu. Mtoto mwenye heshima nani atamgusa?" Mzee alikunywa chai yake, akaacha ile kalenda mezani, akaenda. Cherono aliitundika, kama mtu anavyotundika picha ya marehemu wa ukoo mwingine.

Akayafunga maji. "Tena," akasema.

Mlango. Hatua. Kioo. Mwanga.

Safari hii Ryan hakuinuka. Vidole vyake vilikuwa vimeung'ang'ania mfuniko hata vikakosa rangi. Kofia ilibaki kichwani. Mwanga ulimchoma, chozi likateremka mpaka kidevuni, na hakulipangusa.

"Good evening, officer," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Mzee akaishusha tochi.

"Umefika nyumbani," akasema.

Cherono alijishika kwenye ukingo wa sinki, akasema asante Yesu kwa midomo tu.

Hapo mlango ukagongwa kweli. Abigail, mama mzazi wa Ryan, aliingia na sare yake ya uuguzi, theluji mabegani, macho mekundu ya zamu ndefu. "Amejua?" aliuliza.

"Amejua."

"Ryan, mwanangu, chukua koti twende. Umeshamchosha mwenzangu." Akamshika Cherono mikono yote miwili. "Mama Kipchumba," alianza, akaishia kumkumbatia.

Ryan alivua kofia. Akasimama wima na kumpa Cherono kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, na hakuna aliyemkataza.

Walipokwisha kwenda, Cherono aliirudisha msumarini, karibu na mlango, lile tundu la risasi lililoshonwa akalielekeza ukutani. Mwanawe Kipchumba naye alikuwa ameishika hivyo, kifuani, kwa mikono miwili, aliposhuka garini kumwamkia askari.