Mgonjwa wa Mtihani

Siku hizo, nesi aliyesomea utabibu wa familia mtandaoni alitahiniwa kupitia skrini kwa mgonjwa halisi, aliyebadilishwa sura na sauti ili wasitambuane. Nakijwa alipangiwa mzee mwenye kikohozi.

"Kilikuanza lini?"

"Tangu masika."

"Na hukumwambia mtu?"

"Binti yangu ni nesi. Nilimwambia, akasema nimwache kwanza, anasoma."

Nakijwa alimwandikia kipimo cha kifua, akafaulu vizuri sana. Ndipo skrini ikaonyesha sura halisi ya mgonjwa. Alikuwa baba yake, aliyejiandikisha mwenyewe akiwa chumba cha pili.

Alimwendea, asijue pa kuuweka uso wake. Mzee alikwisha kuanza kufungua vifungo vya shati.

"Shikamoo, daktari," alisema, wala hakutabasamu.