Bega Lisilo na Vidoa

Mama alikuwa akipinda mkono wa sare ya uuguzi huku binti yake, Chinami, ameivaa. Pini ikapenya kitambaa na kumchoma msichana begani.

"Mama! Ukinichoma tena nitawaambia chuoni nimeshachanjwa."

"Simama wima, wewe."

Chuo kilitaka uthibitisho wa chanjo ya surua kabla wanafunzi hawajaingia wodi ya watoto. Mama alikuwa amesema Chinami alipata chanjo zote, ila kadi ilipotea walipohama kutoka mji wa Niigata.

"Mwalimu amekubali neno la mzazi. Gonga muhuri wako wa jina tu kwenye fomu, kesho niipeleke," alisema Chinami.

Chinami alipandisha mkono wa sare. Begani palikuwa na tone dogo la damu, na ngozi laini kabisa.

"Lakini wenzangu wote wana vile vidoa vya sindano za utotoni. Vyangu viko wapi?"

"Vilififia."

"Vyako havijafifia, na umezeeka!"

Mama alilifuta lile tone kwa kidole gumba, kisha kidole kikabaki pale pale. Alikumbuka foleni ya kituo cha afya, watoto wakilia, naye akigeukia mlangoni na mwanawe kifuani, akidhani amemwokoa na madhara ya sindano.

"Sikukupeleka," alisema. "Hukuchanjwa hata moja."

Chinami alisubiri mzaha, lakini haukuja. Akalitoa bega lake taratibu chini ya kile kidole.

"Vua sare, mwanangu. Nitaimalizia kesho, tukitoka hospitali."