Jina la Fundi

Tangu msingi uchimbwe, mama mbeba zege hakuwahi kumwita Fundi Zakaria kwa jina. Akimtaka, aligonga karai kwa jiwe, kama anayeita kuku.

“We Zege, jina langu lina miiba?” Zakaria alimfokea asubuhi ile, akampa mgongo.

Hakuona kamba ya kupandishia matofali ikianza kukatika juu ya kichwa chake.

“Zakaria! Ruka!”

Aliruka. Matofali yakaporomoka palepale alipokuwa amesimama.

Vumbi lilipotulia, alimwona mwanamke yule amepiga magoti penye pipa la maji, anasukutua na kutema, anasukutua tena, machozi yanamtoka.

“Ni jina la baba mkwe wangu,” alisema. “Kwetu mke wa mtoto halitamki mpaka anaingia kaburini. Nimelitamka, fundi. Nimelipigia kelele!”

Kumbe siku zote hizo Zakaria alikuwa akiheshimiwa. Alimsogelea, akanyoosha mikono yote miwili, akafungua kinywa amshukuru kwa jina lake.

Kinywa kikabaki wazi. Miezi minne alikuwa akimwita Zege.