Sauti Zote Zitoke

Peniel alimwona marehemu baba yake akishika kipaza sauti kwenye runinga, na hapo ndipo alipokumbuka alichomwagiza mpiga video.

Matanga yalikuwa yameanuliwa asubuhi hiyo. Sebule ilijaa ndugu kutoka Kiomboi nzima, waliotaka kumsikia mzee tena, akimpa binti yake, dada wa Peniel, wosia siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa.

Kwa muziki wa filamu na magemu, Peniel hakuwa na mpinzani. Kwenye banda la video aliwaambia wenzake kwamba picha hutazamwa kwa masikio, na kwamba maneno ndiyo yanayoharibu muziki mzuri. Hata mtafsiri wa bandani, aliyetia Kiswahili juu ya filamu za kigeni, Peniel alimwona mpiga kelele tu. Kwa hiyo video ya sendofu aliisimamia mwenyewe.

"Mzee ameongea mno," alikuwa amemwambia mpiga video. "Toa sauti zote, weka vinanda hivi. Watu watalia."

Na kweli sasa sebuleni walikuwa wanalia. Video ya mwanzo, yenye sauti ya mzee, ilishafutwa siku nyingi.

Midomo ya mzee ilicheza taratibu, pengo la jino la mbele likionekana na kupotea. Akatua, akameza mate, akamtazama binti yake, akasema neno fupi. Binti akainamisha kichwa.

Mama alijisogeza mkekani hadi mbele ya runinga, akatega sikio.

"Ongeza sauti, mwanangu. Simsikii baba yako."

Peniel akachukua rimoti, akaongeza. Vinanda vikajaa nyumba nzima.